Nyoosha Nota, Bakiza Mkono: Mbinu za Kuhariri MIDI

Umerekodi kinanda, umesikiliza, na kuna mahali panakukera. Nota mbili zimechelewa. Besi inagongana na kiki. Akodi moja imechafuka. Usifute kazi yote ukaanza upya. MIDI haikuhifadhi sauti. Imehifadhi maagizo: kitufe gani kimebonyezwa, wakati gani, kwa nguvu gani, na kimeachiwa lini. Agizo moja likikosewa, unarekebisha hilo hilo na mengine unayaacha yalivyo.

Hapo kwenye kuyaacha ndipo wengi wanapoteleza. Programu inakupa uwezo wa kunyoosha kila kitu kwa sekunde moja. Ukiutumia wote unabaki na muziki ulionyooka ambao hakuna mtu aliyeupiga. Kazi yako ni kuondoa kosa na kubakiza mkono wa mpigaji.

Fuata mbinu hizi kwa mpangilio wake. Wakati kwanza, urefu wa nota na pedali baadaye, nguvu baada ya hapo, na vidhibiti vingine mwisho. Ukianza na urefu kisha ukahamisha nota, utaurudia urefu tena.

Mifano mingi hapa ni ya FL Studio, kwa sababu utaikuta kwenye studio nyingi za nyumbani. Ukitumia Cubase, REAPER, Logic au Ableton Live, kazi ni ile ile. Majina ya menyu tu ndiyo yanabadilika.

Kabla hujagusa nota

Nakili kwanza. Chukua kipande ulichorekodi, kiweke kwenye traki ya pili, kizime, kiite "asili". Usitegemee kitufe cha kutendua peke yake. Baada ya kuhariri kwa muda mrefu masikio huchoka na huwezi tena kujua kama umetengeneza au umeharibu. Washa "asili", zima uliyohariri, utajua papo hapo.

Ongeza usahihi wa saa ya projekti. Kila programu hugawa pigo moja katika vipande vidogo viitwavyo tiki. REAPER na Logic hutumia tiki 960 kwa pigo. FL Studio kwa kawaida huanza na 96. Kwenye tempo ya 100 pigo moja lina milisekunde 600, kwa hiyo tiki moja ya FL Studio inazidi milisekunde 6. Hiyo ni hatua ndefu kwa mpigaji mwenye mkono mwepesi. Fungua mipangilio ya projekti, tafuta PPQ (idadi ya tiki kwa pigo), weka 384 au 960. Fanya hivyo kabla ya kurekodi.

Acha kipimo kimoja kitupu mwanzoni. Wapigaji wazuri hutangulia pigo la kwanza kidogo. Ukianza kurekodi pale pale kwenye mstari wa kwanza, nota ya kwanza huangukia nje ya kipande na haisikiki. Utaitafuta mpaka uchoke. Kipimo kitupu kinaiokoa.

Kisha hakikisha kosa ni la mkono, si la kompyuta. Kuza dirisha la nota na utazame kama kumi hivi. Zote zimechelewa, au zimewahi, kwa kiasi kile kile? Basi mpigaji hana kosa. Hiyo ni latensi, yaani muda unaopotelea kwenye kompyuta. Chagua nota zote, zivute pamoja kushoto au kulia mpaka zikae sawa na metronomu, halafu uziache. Ukipiga kwantaizi hapa, yaani kuzivuta nota kwenye gridi, utafuta upigaji mzuri kwa sababu ya mashine.

Kabla ya kurekodi tena, punguza bafa ya kadi ya sauti. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inakuchelewesha takriban milisekunde 23. Bafa ya 256 ni kama milisekunde 6. Rekodi na ndogo. Ukifika kwenye kuchanganya sauti, rudisha kubwa ili kompyuta ipumue.

Jambo moja la mawasiliano. Ukimtumia mwenzako ujumbe kwamba "nota ya C3 imekosewa", huenda akatazama oktava nyingine kabisa. C ya katikati ya kinanda ni nota namba 60 kwenye MIDI, lakini Cubase na Ableton Live huiita C3, wengine C4, na FL Studio huiita C5. Taja namba, au mwambie ni kipimo cha ngapi na nota ya ngapi.

Sikiliza bila kutazama

Zungusha vipimo vinne au vinane. Washa ngoma na besi, maana kinanda kikiwa peke yake hudanganya. Kisha toa macho kwenye skrini. Macho yakiona nota imekaa kando ya mstari yatakulazimisha uihamishe, hata kama sikio limeridhika.

Kila unaposikia kosa, simamisha, weka alama, endelea. Usirekebishe bado. Ukimaliza wimbo mzima utakuwa na orodha fupi kuliko ulivyotarajia. Hiyo orodha ndiyo kazi yako, nayo haina ruhusa ya kuongezeka kwa sababu ya kile unachokiona.

Anza na nota za uongo. Kidole kikigusa kitufe cha jirani huacha nota fupi sana yenye nguvu ndogo. Zitafute chini ya velositi (nguvu ya kubonyeza) 20, zilizo fupi kuliko 1/64. Futa. Lakini zisikilize kabla ya kuzifuta kwenye traki ya ngoma, kwa sababu pale nota dhaifu mara nyingi zimepigwa kwa makusudi.

Tafuta pia nota pacha, yaani nota mbili za namba moja zilizolaliana. Kwenye skrini utaona moja. Kwenye spika sauti inakuwa nyembamba au inakatika ghafla, kwa sababu nota ya kwanza ikiachiwa inaizima na ya pili. Cubase ina amri ya kufuta nota pacha. Kwingine, sogeza nota pembeni kwa kipanya uone kama kuna nyingine imebaki chini yake.

Nota iliyokosea sauti, ihamishe juu au chini kwa mishale ya kibodi badala ya kuiburuta. Ukiburuta, mara nyingi unaihamisha na kwenye wakati bila kujua.

Wakati: chagua gridi kabla ya kwantaizi

Kwantaizi huvuta kila nota kwenye mstari wa gridi ulio karibu nayo. Yenyewe haijui wimbo. Ukiipa gridi isiyo ya wimbo huo, itavuta nota nzuri na kuzipeleka mahali pabaya, tena kwa uhakika kabisa.

Chukua chakacha. Mwendo wake ni sita kwa nane. Ukiirekodi kwenye projekti ya nne kwa nne yenye gridi ya 1/16, kisha ukapiga kwantaizi, nota za ngoma ya chapuo zitatafuta mistari ya 1/16 na hazitaipata iliyo yake. Nyingine zitakwenda kushoto, nyingine kulia, na mchezo wote utapinda. Una njia mbili. Badilisha projekti iwe 6/8. Au bakiza nne kwa nne na uchague gridi ya tripleti za 1/8, inayokupa mistari 12 kwa kipimo. Njia ya pili inafaa pale unapotaka kiki ya kisasa ya nne kwa nne ipigwe chini ya ngoma za pwani.

Namna ya kujua kama gridi ni sahihi: piga kwantaizi, kisha linganisha na "asili". Nota zikisogea kidogo kidogo, gridi ni yake. Zikiruka karibu nusu ya nafasi ya gridi, tena moja kushoto na jirani yake kulia, tendua na uchague gridi nyingine.

Usipige kwantaizi ya asilimia 100 kwa mazoea. Tumia nguvu ya asilimia 50 hadi 70. Nota iliyochelewa milisekunde 40 ukiivuta kwa asilimia 50 inabaki imechelewa 20. Ukirudia, inabaki 10. Sikiliza kila mara na usimame pale kosa linapotoweka. Kwenye FL Studio, Ctrl+Q hunyoosha moja kwa moja bila kukuuliza kiasi; Alt+Q hukufungulia dirisha la kuchagua kiasi. Zoea Alt+Q. Kwenye Cubase tafuta kwantaizi ya hatua kwa hatua. Kwenye REAPER bonyeza Q ukiwa ndani ya kihariri cha MIDI, kisha punguza nguvu.

Nyoosha mwanzo wa nota tu. Miisho iache. Ukinyoosha na miisho, nota fupi zote zitakuwa na urefu mmoja na besi itapoteza pumzi yake.

Nyoosha kiki na besi zaidi kuliko vingine. Hizo mbili ndizo sakafu, na msikilizaji huhisi haraka zisipokutana. Haihati na kinanda cha kusindikiza unaweza kuziacha na nguvu ya asilimia 50. Melodi inayopigwa na mtu mmoja, solo ya gitaa au fidla, usiipigie kwantaizi kabisa. Tafuta nota mbili tatu zilizo kwenye orodha yako, zisogeze kwa mkono.

Akodi zina hatari yake. Mpigaji wa kinanda wa kwaya mara nyingi hapigi nota nne kwa wakati mmoja. Huzimwaga haraka kutoka chini kwenda juu. Kwantaizi huzibandika zote kwenye mstari mmoja na akodi inageuka kuwa ngumu. Badala yake, chagua nota zote za akodi hiyo kwa pamoja na uiburute akodi nzima mpaka nota yake ya chini iguse pigo. Mmwagiko unabaki. Kama umeshaupoteza, FL Studio ina Alt+S inayopanga upya nota za akodi zifuatane. Tumia kiasi kidogo.

Kuna kitufe kinachoitwa randomize, cha kutawanya nota ovyo ovyo ili "zisikike za binadamu". Mimi sikitumii kwenye wakati. Mkono wa binadamu haukosei ovyo. Mpiga haihati huchelewa sehemu zile zile kila kipimo. Mpiga besi hutangulia kidogo anapokaribia kiitikio. Kuna mwelekeo. Ukitaka uhai, sogeza snea zote kulia kwa milisekunde 8 hadi 15 na usikilize wimbo unavyokaa. Sogeza haihati kushoto kidogo, wimbo utaanza kukimbia bila tempo kubadilika. Kwenye tempo ya 100 na tiki 960, milisekunde 10 ni tiki 16.

Njia bora zaidi ni kuchukua mwendo wa mtu. Programu nyingi husoma nafasi za nota kwenye kipande kimoja na kuzifanya gridi mpya; Cubase, Logic na Ableton Live zinaweza. Mwache mpiga ngoma apige vipimo vinne vizuri. Chukua mwendo wake, kisha upigie kwantaizi kinanda na shekere kwa mwendo huo. Vyote vitacheza naye.

Yote haya yana kinyume chake. Singeli hukimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Kwenye 200, nafasi ya 1/16 ni milisekunde 75 tu. Nota iliyochelewa 20 imeshakula zaidi ya robo ya nafasi yake, na sikio linasikia fujo. Hapo kwantaizi ya asilimia 100 ni halali. Uhai wa singeli uweke kwenye velositi, kwenye sampuli unazokatakata, na kwa anayeshika kipaza sauti.

Urefu wa nota na pedali

Besi kwanza. Kuza uone kama nota moja inaisha baada ya nyingine kuanza. Kwenye besi ya sauti moja, kulaliana hivyo huleta mtelezo ambao hukuuomba, au huifanya nota ya pili ianze bila pigo lake. Fupisha mwisho. Kama unataka zishikane bila kulaliana, chagua nota na utumie amri ya legato. Kwenye FL Studio ni Ctrl+L.

Besi inayomeza kiki usiikimbilie kwa ikwalaiza. Fupisha nota ya besi iliyo kabla ya kiki ili kuwe na upenyo mdogo wa kimya. Milisekunde 30 zinatosha mara nyingi. Kiki itatokea yenyewe.

Filimbi na ala nyingine za kupuliza zinahitaji pumzi. Imba mstari huo kwa mdomo, uone unapovuta hewa, ukate nota hapo.

Sasa pedali. Kwenye MIDI pedali ya sasteni ni kidhibiti namba 64. Thamani 0 hadi 63 ni imeachiwa. 64 hadi 127 ni imekanyagwa. Akodi zikichafuka, yaani ya kwanza ikiendelea kulia chini ya ya pili, usiguse nota. Fungua mstari wa kidhibiti 64. Utakuta mguu umechelewa kuachia. Weka 0 pale pale akodi mpya inapoanza, na urudishe 127 muda mfupi baadaye. Mpiga kinanda mzuri hufanya hivyo hivyo kwa mguu: mkono unashuka, mguu unapanda, kisha mguu unakanyaga tena. Traki nyingi za kwaya zinazosikika na ukungu husafika kwa hatua hii peke yake.

Ukikata kipande katikati, angalia hujakata kati ya kukanyaga na kuachia. Ukifanya hivyo agizo la kuachia linabaki nje na nota zinalia mpaka mwisho wa wimbo. Weka 0 ya kidhibiti 64 mwishoni mwa kila kipande unachonakili. Nota ikikwama sasa hivi na inakupigia kelele, bonyeza kitufe cha dharura cha programu; kazi yake ni kuzima nota zote.

Velositi si sauti kubwa tu

Velositi huenda kutoka 1 hadi 127. Wengi huichukulia kama kitufe cha sauti. Kwenye ala nyingi zilizorekodiwa kwa sampuli, velositi pia huchagua sampuli ipi ipigwe. Snea ya 60 na snea ya 120 ni mapigo mawili tofauti yaliyorekodiwa kwa nguvu tofauti. Kwa hiyo snea ikikosa makali, pandisha velositi kabla ya kupandisha sauti kwenye mixa. Na ikiwa kali mno, ishushe huko huko.

Nota unazochora kwa kipanya huzaliwa na velositi moja. Haihati za hivyo husikika kama kokoto juu ya bati. Rekebisha kwa mpangilio wa nguvu na udhaifu. Zilizo kwenye pigo ziweke 95 hadi 105. Zilizo katikati ya mapigo, 60 hadi 75. Zile ndogo za kujaza, 25 hadi 45. Chora kipimo kimoja vizuri, kinakili mara tatu, kisha badilisha kitu kidogo kwenye kile cha nne. Hapa kutawanya ovyo kunaruhusiwa, kwa alama nne au tano juu na chini, baada ya kupanga mkazo. Kabla ya hapo ni kuchafua tu.

Kama umepiga kwa mkono na tofauti ni kubwa mno, nota moja 40 na jirani yake 120, usiziweke zote 90. Zikaribianishe. Zidisha velositi zote kwa asilimia 70, kisha uongeze 25. Ile ya 40 itakuwa 53, ile ya 120 itakuwa 109. Mkazo wa mpigaji umebaki, makali yamepungua. Programu nyingi zina kisanduku cha hesabu hii. Kwenye FL Studio ni Alt+X.

Usiweke kila kitu 127. Ukifika pale hakuna tena mahali pa kupanda kiitikio kinapoingia.

Kwa fidla na ala nyingine zenye sauti ndefu, velositi huamua mwanzo wa nota tu. Ukitaka nota ikue katikati, tumia kidhibiti namba 11, au namba 1 ikiwa ala yako imepangwa hivyo. Kidhibiti namba 7 ni sauti ya chaneli nzima. Kiache, sauti ya jumla ipangie kwenye mixa. Ukihariri 7 kwenye nota na mixa pia, baadaye hutajua nani anashusha nini.

Robo toni: kanuni, udi na fidla za taarab

Hapa ndipo kinanda cha kawaida kinashindwa na watu hukata tamaa mapema. Taarab ya Zanzibar imebeba makamu za Kiarabu, yaani ngazi za nota, na baadhi ya makamu hizo zina nota zilizo katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Kwenye makamu ya Rast inayoanzia C, nota ya tatu iko kati ya E bemoli na E. Hakuna kitufe chake. Lakini kuna pichi bendi.

Pichi bendi ina hatua 16,384, kutoka 0 hadi 16,383, na katikati ni 8192. Programu nyingi huonyesha katikati kama 0, chini kabisa kama −8192. Kwa kawaida ala huanza na masafa ya nusu toni mbili kila upande. Kwa hiyo nusu toni moja ni hatua 4096, na robo toni ni 2048.

Fanya hivi. Piga E. Kwenye mstari wa pichi bendi weka −2048 muda mfupi kabla nota haijaanza. Irudishe 0 baada ya nota kuisha na kabla inayofuata haijaingia. Tumia ngazi zilizosimama wima, si mteremko, la sivyo utasikia nota ikiteleza. Kwenye Rast fanya hivyo pia kwa B.

Hakikisha masafa kabla ya hesabu. Piga C, sukuma gurudumu la pichi mpaka juu. Ukisikia D, masafa ni nusu toni mbili na 2048 ni sahihi. Ukisikia C ya oktava ya juu, masafa ni 12, na robo toni inakuwa kama 341. Watu hupoteza jioni nzima kwa kuruka hatua hii.

Kumbuka pia kwamba pichi bendi huvuta chaneli nzima. Ukipiga akodi na unataka nota moja tu ishuke, zote zitashuka nayo. Tenga nota za robo toni kwenye traki ya pili yenye ala ile ile na chaneli yake. MIDI ina chaneli 16 kwa kila mlango, hutaishiwa.

Kama makamu haibadiliki wimbo mzima, na plagini yako ina sehemu ya kupanga toni, panga huko mara moja na uache pichi bendi kwa ajili ya mitelezo ya fidla. Ni safi zaidi.

Halafu sahau hesabu, sikiliza. Mpiga kanuni au fidla hakai kila mara kwenye robo toni kamili ya kikokotoo. Mwingine huiweka juu kidogo, mwingine chini. Weka rekodi ya mpigaji unayemwamini kando yako, linganisha, na usogeze 2048 kwenda 1700 au 2300 mpaka sikio likubali. Kikundi kilichokulia na sauti hizi kitasikia tofauti mara moja, na hiyo tofauti inastahili muda wako.

Ngoma zikibadilika ukipokea faili

Umetumiwa biti na mwenzako, umeifungua, snea inalia kengele. Hakuna kilichoharibika. Plagini zenu zimepanga ngoma kwenye namba tofauti. Mpangilio wa General MIDI huweka ngoma chaneli ya 10: kiki 36, snea 38, haihati iliyofungwa 42, iliyofunguliwa 46. Angalia ala yako imeweka snea namba ngapi, chagua mstari mzima wa nota za snea, uhamishe juu au chini mara moja. Usichore upya, utapoteza velositi na mwendo wake.

Kutuma na kufunga kazi

Ukihamisha faili la .mid, chagua aina ya 1 kama unataka traki zibaki tofauti. Aina ya 0 huzikusanya zote kwenye traki moja. Faili hilo huwa dogo sana, kilobaiti chache, linapita WhatsApp hata kwa bando la mwisho. Lakini halibebi sauti. Kinanda chako kitamu kitafika kwake kama kinanda chochote alicho nacho. Ambatisha na odio ya traki, na uandike tempo pamoja na ufunguo wa wimbo kwenye jina la faili.

Wewe mwenyewe pia, ukiridhika na traki, igeuze odio. Plagini huisha muda wa majaribio, kompyuta hubadilishwa, sampuli hupotea. Odio itafunguka popote. Usifute MIDI yake. Izime na uiweke chini kabisa ya projekti, karibu na ile "asili".

Kabla ya kufunga, fanya jaribio moja. Cheza "asili" kwa vipimo nane, kisha cheza ulichohariri. Mwite mtu ambaye hakuwepo ukihariri, usimwambie ipi ni ipi, muulize ipi inamchezesha. Akichagua "asili", fungua traki yako, shusha nguvu ya kwantaizi kwa nusu, umsikilizishe tena. Akichagua ya pili, andaa kipaza sauti, mwimbaji aingie.